Matanga Nayo Iko Bure

Kavira alipakata kikapu chake cha samaki wakavu wa Tchomia, masikio yote yakiwa kwenye kiti cha mbele. Hapo Trésor na Noëlla, waliojuana ndani ya teksibasi hiyohiyo, walikuwa wanagombana juu ya mchezo wa bunduki wa kwenye simu, ule wa watano kwa watano. Trésor alikuwa amekiri mwenyewe kwamba juzi aliwaacha wenzake wamezingirwa, akaenda kula sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Muchezo iko bure," alijitetea. "Hakuna mutu alinilipa. Mama aliniita, sombe ilikuwa inapoa!"

"Matanga nayo iko bure," Noëlla akamjibu. "Weye unaachaka jeneza ku njia juu ya sombe?"

Trésor akafikiri. Kavira naye akafikiri, maana sombe ya moto si kitu cha kudharau.

"Inategemea nani alipika," Trésor akasema mwishowe. Hata dereva akacheka.

"Kumbe mama yako akipika muzuri, siye tukufe?" Noëlla akauliza.

Gari likasimama sokoni. Wale wawili wakashuka wakibishana bado.

"Mama, si ulisema unashukia Bigo?" dereva akamuuliza Kavira. "Tulishaipita."

"Ninajua," akasema, akijitwisha kikapu kwa furaha. "Ningeshuka namna gani, nao wako katikati ya mabishano?"