Nani Aandike Juu ya Séphora

Usikunje mudomo kabla sijafungua wangu. Unasema wanaume wazima hawawezi kupoteza asubuhi nzima wakigombania barua moja ya mutoto wa shule? Basi weye haujakaa mtaa wetu wa Ngezi. Benchi liko pale kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Agathe, mguu mmoja umeshikwa na tofali, na Agathe anauzia hapo kahawa ya tangawizi. Siku ile wazee wa benchi walikuwa watatu. Liévin, tunayemwita Kashe, alifanya kazi duane, forodha ya mpakani Aru, na kwake karatasi isiyopigwa kashe, mhuri wa ofisi, ni ya kufungia karanga. Félicien, tunayemwita Honorable, alisimama uchaguzi mara moja na kura hazikumwona. Wa tatu jina lake Kule; anauza maharagwe, na anajua yote ya Kampala sababu alishawahi kulala huko. Chuo kimoja cha Kampala kilimtaka Séphora, mjukuu wa Agathe, alete barua iliyoandikwa na mwenzake wa rika, mwisho jioni ile. Na Kashe ni kaka ya marehemu baba yake Séphora. Katika ukoo ule, karatasi ya mutoto haitoki nyumbani kama baba mukubwa hajasema ndiyo.

— Mutoto ashuhudie mutoto! Kashe alifoka. Uliona hiyo wapi? Atapiga kashe gani?

— Hawakuomba kashe, Agathe alijibu akimimina. Waliomba mwenzake. Na Séphora amesema ni Alliance. Wanakaa banc moja darasani.

— Ule wa kambi ya wakimbizi? Honorable akacheka. Ataandika adresse gani? Hema ya bashe namba ngapi?

— Na rafiki njo mubaya, Kule akadakia. Anajua siri zako zote! Kampala wanataka aziseme. Afazali adui. Adui akikusifu kidogo tu, wataamini.

— Adui ya Séphora ni nani? Agathe aliuliza.

— Tutamutafuta.

— Mi naona Gérard, Kashe alisema. Tulikuwa naye duane. Anaandika kama askofu.

— Rika gani? Gérard ana mvi mupaka ndani ya pua!

— Barua haionyeshi pua, Mama.

Honorable aliinua mkono kama yuko bungeni.

— Mutoto yangu Guelord. Anasoma Kisangani, lakini sasa yuko hapa likizo. Akifungua kinywa kwa français, hata mbwa wananyamaza. Yeye aandike, mi nipige kashe ya chama yangu.

— Chama yako ilikufa! Kule akasema.

— Kashe yake haikufa.

Agathe alitua thermos kwa kishindo hadi vikombe vikaruka.

— Guelord alimusalimia Séphora siku gani?

— Anamujua kwa sura, Honorable alisema.

— Inatosha, Kashe akakata. Ni Guelord. Njo mwisho.

Agathe aliuma meno. Mutoto wa watu anatafuta mlango wa kutokea, na hawa wanabishania mhuri wa maiti.

Kumbe Honorable alikuwa ameshamwita mwanaye. Guelord alifika, shati safi, simu mkononi.

— Jambo, wazee. Niko tayari. Muniambie tu kitu kimoja Séphora alifanya.

— Anaheshimu, alisema Kashe.

— Hiyo haiko kitu alifanya, baba.

— Ametoka familia ya muzuri!

— Hiyo mulifanya nyinyi.

Kule aliinua kikombe, akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Honorable aliangalia barabara. Pikipiki ikapita, vumbi likakaa.

Agathe alikuwa nacho kitu hicho. Mwaka uliopita Séphora alimwambia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwamba amekosea ubaoni. Mwalimu akampigisha magoti nje, juu ya changarawe. Alliance alisimama bila kuitwa, akatoka, akapiga magoti kando yake. Walirudi wote wawili na magoti yamechubuka, wakigombana njia nzima, sababu Alliance alisema hesabu yako ni sawa, lakini adabu yako ni mubaya.

Agathe alifungua kinywa. Guelord akainua kidole gumba juu ya simu, tayari kuandika. Agathe akafunga kinywa.

— Kitu iko, alisema. Lakini haiko yako, mwanangu. Mwenye alipiga magoti njo ataandika.

— Magoti gani? Mama, nimeshasema! Kashe alipiga kelele.

— Umesema, na haujui hata unasema juu ya nani. Mwenye anamujua ule mutoto, ataandika chini ya bashe, bila kashe, na barua itatoka leo. Kama ukoo unakasirika, ukasirike. Leta kikombe.

— Haijaisha!

— Imeisha.

Alimnyang'anya kikombe Kashe, akamwaga kahawa chini, akakusanya vingine, akaingia na thermos.

— Séphora! Vaa viatu, tunaenda kambini!

Séphora alitoka na viatu tayari miguuni. Agathe akatoka nyuma yake akifunga kitenge kiunoni, akawapita wale wanne bila kuwatazama. Halafu akarudi hatua moja, akavuta mlango hadi ukalia, akazungusha ufunguo, thermos ikabaki ndani.