Heshima ya Funda Moja

Tangu Davron aanguke kwenye mchezo wa kugombea mzoga wa mbuzi juu ya farasi, na farasi wa mwenzake akampiga kwato ya kichwa, kiu haikumtoka. Akinywa ndoo anakojoa ndoo, na mkojo wenyewe mweupe kama maji ya bomba. Wazee wa kijiwe cha chai cha njia panda ya Hisor wakakaa kikao, wakaamua kwamba maji ndiyo yanayomharibu, basi anyimwe. Mama yake, mtu wa kutii wazee, akafungia hata ndoo za mifugo. Likabaki birika la kijiweni. Lakini kwao mtu wa heshima humiminiwa chai kidogo tu, ili ummiminie tena na tena. Ukimjazia kikombe umemwambia aondoke zake. Na Davron alikuwa bingwa wa wilaya wa mchezo huo. Kadiri walivyomheshimu ndivyo alivyozidi kukauka.

— Kaka Safarali, jaza leo. Nakuomba.

— Nijaze? Safarali, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki, akashika kifua. Nimfukuze bingwa wetu? Mimi nimelelewa, bwana!

Akamdondoshea funda moja. Davron alilimeza kabla halijapoa, ulimi ukabaki umemgandia kinywani.

— Hiyo ni sukari, alisema Hokim Kinyozi. Namjua mtu wa sukari kwa nywele tu.

— Zahanati wamempima, hana.

— Sukari yenyewe ikimwona daktari inajificha.

— We Kinyozi, masikio ya watu yanakushinda, utayaweza magonjwa? Redio akasogea. Sikilizeni. Siku ya mchezo farasi hanyweshwi, si ndiyo? Basi kwato ilipogonga, kiu yote ya farasi ikahamia huku.

— Na farasi je?

— Hanywi tena hata tone!

— Umemwona wapi, na aliuzwa wiki ileile?

— Ndiyo nakwambia! Angekuwa anakunywa wangemuuza?

Watu wakatikisa vichwa, hoja imekaa. Davron akajikokota kwenda kukojoa nyuma ya miti ya aprikoti. Aliporudi, macho yaliwaona Redio wawili, jambo ambalo hata mzima asingelitamani.

Mwalimu Yodgor, mstaafu wa jiografia, alikuwa akimsubiri.

— Kichwani mna kizibo, mwanangu. Kimelegea. Maji yanapita tu, hayakai.

— Daktari naye alisema kitu kama hicho, Mwalimu, alisema Davron kwa sauti ya kukwaruza. Kwamba kichwa kimeacha kuziamuru figo. Akasema niende hospitali kubwa ya Dushanbe.

— Dushanbe ya nini? Kizibo kilichogongwa kulia kikalegea, ukikigonga kushoto kinakaza.

Hokim akaanza kuipima bakora yake kwa macho.

— Atakayenigusa namng'ata! Davron alijikinga kichwa kwa mikono miwili. Aliogopa kweli, maana aliwajua: hawa wangempiga kwa upendo.

Hapo lori likasimama. Akashuka dereva wa milimani, Gulmamad, akaketi, akamiminiwa kidogo kwa heshima. Akamtazama Davron, midomo imepasuka, macho yamezama.

— Huyu kijana ana nini?

— Maji yanamharibu, alisema Redio. Tumemkataza.

— Nani aliwaambia yanamharibu?

Redio akamtazama Hokim. Hokim akasema alisikia kwa Mwalimu. Mwalimu akasema yeye aliambiwa na Redio. Redio akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakikutoka kitu.

Gulmamad hakungoja. Alimshika Davron kiunoni, akampandisha lorini, akamwekea dumu la maji mapajani. Davron alikunywa mpaka shati likalowa kifuani. Alipovuta pumzi, machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujali nani anaona.

— Dushanbe, alisema. Ila kaka, nitakusumbua. Nitataka kushuka kila mara.

— Kunywa, alisema Gulmamad, akitia gia. Nitasimama.