Anza na Vile Vidogo

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu ulioegemea kibanda cha fundi viatu, na mguu wake mmoja umewekewa soli kuukuu ili usiyumbe. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo, wananiita Mama Birika, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza jambo moja: mwanaume akianza kudanganya hukiweka kikombe chini, maana uongo unataka mikono miwili. Asubuhi ile vikombe vyote vilikuwa chini. Yule mwimbaji mkubwa wa zamani, ambaye sauti yake imetulea redioni, alikuwa amefariki siku tatu nyuma, na tangu kulipokucha redio ya fundi ilikuwa inapiga nyimbo zake tu. Picha zake zote zinafanana, kofia imeshuka mpaka kwenye miwani ya jua, uso huuoni. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na nafasi ya kumjua.

Alianza Breki, dereva mstaafu wa lori. Tunamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna.

— Mimi na marehemu tulikuwa chanda na pete. Gari lake lilikwama kwenye matope, nikalivuta na lori langu. Ule wimbo wa safari mnaousikia ulitungwa palepale. Mimi navuta, yeye anatunga.

— Alikushukuru? nikamuuliza.

— Atanishukuruje na mimi niko mbele? Aliimba.

Kamusi akakohoa. Huyu ni karani mstaafu, husahihisha maneno ya kila mtu, hata ya matangazo ya vifo.

— Bwana Breki, kuvuta gari si kujuana. Mimi nilimsubiri nyuma ya ukumbi saa nne nzima, maana wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Hiyo inakukataza kusubiri, nikasema.

— Na kweli tumbo liliniuma. Akatoka, akaniimbia ubeti, nikamrekebishia neno moja. Tangu siku hiyo hakurekodi bila kunitafuta. Samaki mkunje angali mbichi.

— Alikuzidi miaka kumi na tano, akasema Breki.

— Nilimkunja hivyohivyo.

Hapo mambo yakapanda. Breki akasema marehemu alilala kwake siku tatu na kuondoka na shuka lake. Kamusi akasema marehemu alitaka kumwoa dada yake, dada akakataa kwa kuwa mtu anaimba hata akitafuna, na ule wimbo wa mwanamke wa dirishani ndiyo machozi ya posa hiyo. Tena ile kofia ameachiwa yeye kwenye wosia, imechelewa posta tu.

— Na wewe fundi? nikauliza. Hukuwahi kumwona?

— Mimi sijui watu maarufu, alijibu, misumari midomoni. Mimi najua visigino.

Hakuwa anajishusha. Fundi wetu hatazami nyuso. Wateja wake huwaita kwa ubovu wa viatu vyao, na nasikia hata mkwewe alimtambua kwa ndala.

Kumbe kulikuwa na mwanamke amesimama nyuma yetu na mfuko mkononi, mtu wa miaka arobaini hivi, macho yamevimba. Akatuamkia, tukaitikia. Akampa fundi mfuko, akamwomba amtengenezee viatu vya kiume vilivyomo. Kamusi, akiona sikio jipya, akamrudishia hadithi ya kofia toka mwanzo. Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho.

— Basi nyinyi mlimjua, alisema. Mimi ni binti yake, na viatu hivyo ni vyake.

Vikombe vyote vikanyanyuliwa.

— Sikuja kumbishia mtu, wazee wangu. Siku hizi tatu kila ninapopita namkuta aliyekula naye, aliyesafiri naye, aliyecheka naye. Mimi nilikuwa nakwenda shule amelala, nikirudi ameshatoka kwenda kupiga muziki. Nilimjua kwenye redio kama nyinyi. Kwa hiyo nina swali moja tu. Alipokuwa nanyi, aliwahi kunitaja?

Breki akaangalia barabara. Kamusi akakigeuzageuza kikombe chake kilichokwisha kahawa. Niliona aibu kwa niaba yao, na nilimwonea huruma yule mwanamke.

Fundi hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ametoa viatu mfukoni, anakigeuzageuza cha kushoto. Mara akatema misumari mkononi, jambo asilolifanya hata kwa chakula.

— Mshono huu ni wangu, alisema. Huyu ni Kisigino cha Kushoto. Muda wote anapigapiga mguu chini, nikimwambia atulie anasema mguu haumsikii.

Kisha akainua uso, akanitazama.

— Mama Birika, ni Soksi.

Nikaweka birika chini. Soksi. Yule mzee mwenye upara, mpole, aliyekuja Jumamosi asubuhi miaka nenda miaka rudi, akakaa mwisho wa benchi na soksi zake akisubiri viatu, kahawa yake bila sukari. Jina hatukumuuliza. Juma la sita hili hajaonekana, nami nikajisemea labda kanunua vipya. Kamusi alimsimulia hadithi ya ubeti si chini ya mara nne, na kila mara Soksi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hongera ndugu yangu.

— Aliniuliza neno lenyewe lilikuwa lipi, akasema Kamusi polepole. Nikamwambia nimesahau.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa amemgeukia yule mwanamke, anamtazama usoni kabisa.

— Jina hakutaja, mwanangu, nisikudanganye. Lakini zamani alikuwa anakuja na jozi mbili. Vyake, na vidogo vyeusi vya shule, vya kamba. Nikishika vyake ananizuia. Anasema, “Anza na vile vidogo, vyangu vitasubiri. Nataka akiamka avikute mlangoni.” Kila Jumamosi, usingizi umemjaa machoni. Kile cha kulia kilikuwa hakiishi kuachia soli mbele.

— Nilikuwa napiga mawe njiani, alisema yule mwanamke.

— Nilijua tu ni mpiga mawe.

— Nilikuwa naamka navikuta. Nilidhani ni mama. Mama naye hakuwahi kusema si yeye.

Akalia, na sisi tukamwacha alie. Breki alizima redio, kisha akaona si vizuri, akaiwasha tena kwa sauti ya chini. Birikani kilibaki kikombe kimoja, nikampa. Alipokimaliza akaniuliza mzee alikuwa anakaa upande gani.

Kamusi akainuka mwisho wa benchi.

— Hapa, alisema.

Katika maneno yote aliyowahi kusema juu ya marehemu, hilo ndilo la kweli kuliko yote. Yule mwanamke akavua viatu vyake akaviweka kando, akakaa, nyayo chini, akisubiri. Fundi akarudisha misumari mdomoni na kuanza na cha kushoto cha mzee.