Lango la Mawimbi Kabla ya Saa Nane: Risala ya Wenye Pasi wa Jumatano

Mgeni rasmi, Bwana Garrett Lindqvist, mkurugenzi mpya wa bustani zetu mbili za burudani. Mwenyekiti wetu Mama Doan. Wafanyakazi wa malangoni mnaotuita kwa majina. Na ninyi babu zangu na bibi zangu wa Jumatano: za asubuhi.

Mimi ni Yaretzi Zepeda wa Santa Ana. Nimemaliza chuo Mei hii, na mimi ndiye mdogo kuliko wote kwenye kikundi. Nimepewa kusoma kwa sababu sihitaji miwani, basi. Mama Doan kaniambia, "Soma kama mtu mzima. Ukianza kuchekacheka nakunyang'anya kipaza sauti." Nitajitahidi, mgeni rasmi. Ila nina habari, na imeniwasha mdomoni tangu alfajiri. Mama Doan kasema ikae mwisho. Haya, itakaa mwisho.

KARIBU KWETU

Najua inachekesha kumkaribisha mtu kwenye bustani yake mwenyewe. Lakini wewe una wiki chache hapa, na sisi wengine tumekuwa na pasi ya mwaka tangu treni ya mlimani ilipokuwa ya mbao. Kwa hiyo karibu sana. Mezani kuna mikate mitamu ya Mtaa wa Nne na roli za Mama Doan, zile chapati nyembamba zilizoviringishwa na nyama ndani, alizozikaanga mwenyewe. Walinzi wa lango walizifunua, wakazinusa, wakazipitisha. Mmoja alizipitisha akiwa anatafuna.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki hakikuanzishwa na mtu. Kilianzia kwenye foleni. Mama Doan alikuwa amefiwa na mumewe na hataki kukaa nyumbani na televisheni. Akawa anaona wazee wawili kila Jumatano mbele yake: babu yangu Arnulfo, fundi mstaafu wa mabasi, na bibi yangu Consuelo. Siku moja akawauliza, "Ninyi kila wiki mko hapa, kwani hamna kwenu?"

Babu akamjibu, "Kwetu tunako, mama. Farasi ndio hatuna."

Bibi akadakia, "Mwongo huyu. Anawaogopa farasi. Mimi ndiye ninayemleta."

Wakaanza kutembea watatu. Wakaongezeka wengine. Utaratibu wetu ukawa huo mpaka leo: asubuhi tunaingia Bustani ya Taa, tunazunguka ziwa taratibu, tunakunywa kahawa, tunajaza ndoo zetu za bisi, halafu tunavuka uwanja kwenda Bustani ya Mawimbi kupanda bembea ya farasi, wale wa kuchonga wanaozunguka kwa muziki. Malango yenyewe yanatazamana, mgeni rasmi. Ukipiga chafya Taa, mtu wa Mawimbi anakutakia afya.

TULIYOYAFANYA

Sio mengi, lakini ni yetu. Tumewarudisha kwa wazazi wao watoto waliopotea, mpaka walinzi sasa wakiona mtoto analia wanamwita kwanza Mama Doan. Tumewaelekeza wageni wa mbali choo kilipo, na hiyo peke yake ni kazi ya mshahara. Kijana wa bisi na binti wa mashua walioana mwaka jana. Sisi ndio tuliowaambia kwamba wanapendana, wenyewe walikuwa hawajui. Na jua linapowaka sana, bibi zetu huwapelekea wafanyakazi wanaovaa yale mavazi mazito ya wanyama vitambaa vya maji baridi. Dubu mmoja alilia. Alivua kichwa akalia, jambo ambalo najua haliruhusiwi, naomba asiulizwe.

KINACHOTUSUMBUA

Hapa Mama Doan kasema niende polepole.

Tunaelewa kwa nini kuna kuweka nafasi. Watu ni wengi, na mtu aliyesafiri na watoto wake kutoka mbali hawezi kufika akakuta sisi wa jirani tumejaa kama nyumbani kwetu. Hilo hatulipingi. Sheria inasema mwenye pasi achague kwenye simu, mapema, siku atakayokuja na bustani atakayoanzia. Akishaingia hiyo, haruhusiwi kuvukia ya pili mpaka saa nane mchana. Na akiweka nafasi mara tatu bila kutokea, anafungiwa mwezi mzima, hawezi kuweka tena.

Sasa, Bibi Consuelo ana ugonjwa wa kusahau. Sisemi kwa kumsengenya, yuko hapa na ameniruhusu. Siku nyingi anakaa kimya, anatuangalia kama abiria tuliokaa naye kwa bahati. Lakini zipo asubuhi anaamka akiwa yeye. Anatania, anagomba, anauliza nani kaficha sukari. Asubuhi kama hiyo anataka kitu kimoja: farasi. Amezaliwa Zacatecas kwa watu wa farasi, akapandishwa kabla hajajua kutembea. Akikaa juu ya farasi mweupe wa bembea ile, Babu akamshika kiuno, huwa anataja watoto wake wote watano, mkubwa hadi mdogo, na nani alizaliwa siku ya mvua. Daktari hana maelezo. Sisi hatuyahitaji.

Mgeni rasmi, asubuhi hiyo njema haitangulizi salamu. Haisemi nitakuja Alhamisi. Na ikija, mara nyingi adhuhuri inakuwa imeshaondoka.

Babu akatafuta dawa yake. Aliweka nafasi ya Mawimbi kwa kila siku ambayo simu ilimruhusu, kama mtu anayetandika kitanda kila jioni kwa mgeni ambaye huenda asije. Mimi nilimwambia, "Babu, utafungiwa." Akaniambia, "Wewe soma vitabu vyako. Nani atamfungia mzee kwa kumsubiri mke wake?"

Akafungiwa.

Alipiga simu kuuliza. Binti wa upande wa pili alikuwa mpole, akamwambia, "Mzee, naona hapa mara tatu hamkutokea."

Babu akasema, "Mimi nilikuwepo, binti. Mke wangu ndiye hakutokea, na alikuwa amekaa hapa pembeni yangu."

Yule binti akasema pole, na nadhani ilitoka moyoni, lakini uwezo wa kufungua hakuwa nao. Na katika huo mwezi wa kufungiwa Bibi aliamka vizuri asubuhi mbili. Zote mbili Babu alimpeleka kwenye maegesho yenu, wakakaa ndani ya gari, vioo chini, wakisikiliza muziki wa bembea kwa mbali. Bibi akamuuliza, "Arnulfo, leo umeogopa hata kuingia?" Akamwambia, "Ndiyo, mama. Leo nimeogopa."

Alipendelea aonekane mwoga kuliko kumwambia mkewe kwamba hatakiwi.

MAOMBI YETU

Tunaomba, siku za katikati ya wiki, mwenye pasi ambaye ameshaingia bustani moja aruhusiwe kuvukia ya pili asubuhi, kama bado kuna nafasi.

Tunaomba kila asubuhi nafasi chache ziachwe wazi kwa wagonjwa wasioweza kupanga. Chache tu. Sio kwetu pekee; wapo watoto pia ambao siku zao njema hazijulikani, mama zao wanatuambia kwenye foleni.

Tunaomba mtu asihesabiwe kuwa hakutokea kwa sababu ya ugonjwa.

Na Mzee Petrosyan, ambaye tulimkatalia kwenye kikao lakini amenishika mkono nikija huku mbele, anaomba benchi lenye kivuli karibu na bembea. Nimelisoma, mzee. Sasa nakudai roli.

HABARI YENYEWE

Ukurasa huu haukupitishwa na kikao. Nimeuandika leo kwenye maegesho, karatasi juu ya goti, kwa hiyo mnisamehe mwandiko, ingawa anayeusoma ni mimi mwenyewe.

Nilikwenda kuwachukua wazee wangu asubuhi. Bibi ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amevaa sweta lake la manjano na vifungo vimekaa sawa. Akamgeukia Babu, "Arnulfo, mbona tai? Nani kafa?"

Babu akashika ukuta. "Hakuna aliyekufa. Kuna risala, mkurugenzi anakuja."

"Mkurugenzi ndiye avae tai. Wewe umefanana na mzee anayekwenda kukopa."

Halafu akaniangalia mimi. Mgeni rasmi, Bibi hajanitaja jina tangu kabla ya Krismasi. Kwenye mahafali yangu alikaa mstari wa mbele, akampigia makofi kila mtu, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Leo amesema, "Yaretzi. Eti umemaliza chuo na hukuja kuniambia? Njoo hapa." Akanishika mashavu yote mawili. Nilipoendesha nilikosea njia ya kutoka barabara kuu, tena nikakosea ya pili, nacheka na kulia, na Bibi kule nyuma ananiambia, "Hicho chuo hakikufundisha kushoto?"

Hiyo ndiyo habari. Bibi yupo. Mpaka ninaposimama hapa bado yupo, kiti cha tatu, anaangalia mlango. Ameshaniuliza mara mbili kama bembea imefunguliwa. Imefunguliwa. Muziki wake tunausikia wote.

Lakini leo, kwa ajili ya kukupokea, sote tuliwekewa nafasi hapa Taa. Lango la Mawimbi litatukubali saa nane. Babu amekwenda kuuliza, na binti wa langoni, anayempenda Bibi kama wake, amesema hawezi bila neno lako.

Kwa hiyo yale maombi mengine yapeleke kwenye vikao vyenu, tutasubiri, sisi ni watu wa foleni. Hili moja haliwezi kusubiri. Tunakuomba uvuke nasi sasa hivi, utangulie mbele ili lango likuone wewe. Chai itapoa, tutaipasha.

Mgeni rasmi, Mungu akupe kazi nyepesi na usingizi mzito, awalinde wa nyumbani kwako, na wazee wako, kama unao, wakutambue kila asubuhi.

Mama Doan anaomba watu wasitupigie makofi. Yatakula muda. Tusimame tu, wenye viti vya magurudumu watangulie.

Ni sisi,
Wenye Pasi wa Jumatano,
Bustani ya Taa na Bustani ya Mawimbi.