Afande Wapi, Jirani Aliyeshukiwa na Mtaa Mzima

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo, tuna mtu wa kumkumbuka. Ni polisi mstaafu. Alikuwa sajini, akavaa sare mpaka mvi zikamjaa kichwani, kisha akautumikia mtaa wake bila sare. Mtaani walimwita Afande Wapi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukipita mbele ya nyumba yake, hata salamu hujaimaliza, anakuuliza: "Unatoka wapi? Unakwenda wapi?"

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, mama mjane mwenye binti mmoja. Afande alipohamia pale na mkewe baada ya kustaafu, fundi hakumpenda hata kidogo. Asubuhi alimwona kibarazani, macho barabarani. Akirudi sokoni, bado yupo. Fundi akajiambia: huyu hajastaafu, huyu ametumwa. Akaisogeza cherehani yake mbali na dirisha. Hakuwa peke yake. Afande akikaribia bomba la maji, mazungumzo yalikatika, watu wakaanza kusifia hali ya hewa.

Naye afande hakumwachia mtu. Alimshuku msoma mita. Alimshuku muuza mkaa kwa kuwa anacheka mno. Mkewe anatuambia: "Siku ya posa alimhoji kaka yangu mpaka kaka akaomba maji. Nikajua nimepata mume na kituo cha polisi humohumo."

Wasikilizaji wapendwa, mtaa ukapata mgeni. Mama nadhifu, maneno yake asali tupu. Alijiita wakala wa kazi, anatafuta mabinti wa kufanya kazi hotelini ng'ambo. Binti wa fundi akajiandikisha. Fundi akaanza kumshonea nguo za safari.

Afande akabisha hodi. "Fundi, ofisi ya huyu mama iko wapi?"

"Mjini."

"Umeingia ndani?"

Fundi akaweka mkasi chini. "Afande, wanao wote wana kazi. Wangu akipata, wewe kinakuuma nini?"

"Kinaniuma kwamba hujanijibu."

Fundi aliona ni wivu. Pengine, aliwaza, mzee ana mpwa wake anayemtafutia nafasi hiyo. Lakini swali lilimnyima raha. Kesho yake mchana wakaenda wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama watu waliogombana.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, rangi bado inanuka. Wakala alikuwa akiongea kwenye simu ya mezani, akitaja mahoteli kwa sauti. Afande akainama kufunga kamba ya kiatu. Waya wa simu ile uliishia chini ya meza. Haukuingia popote.

Alipoinuka, akauliza kwa upole: "Mabinti waliotangulia, tunaweza kuongea na mmoja?"

"Wako kazini, baba."

"Basi aliye likizo."

Wakala akatabasamu, akasema ana kikao.

Ngazini afande akamweleza fundi alichokiona. Fundi hakuamini sawasawa, ila alimzuia binti yake asisafiri. "Mama, unamsikiliza polisi kuliko mimi?" binti alisema, akanuna. Afande hakupata salamu yake kwa muda mrefu. Afande alitoa taarifa kituoni, lakini polisi walipofika kule ghorofani, chumba kilikuwa kitupu. Mtaani wakasema mzee kawafukuzia riziki. Wengine wakasema yeye na wakala lao moja. Fundi mwenyewe alilala na kuamka na shaka moja: je, nimemfungia mwanangu mlango?

Jibu alilileta binti wa muuza maziwa. Yeye alikuwa amesafiri na kundi la kwanza la wakala yule. Alirudi amekonda, hana pasipoti, hana hata sanduku. Hoteli haikuwepo. Walifungiwa kwenye nyumba za watu na kufanyishwa kazi bila kupumzika, mpaka yeye akatoroka.

Afande akamchukua binti yule mpaka kituo chake cha zamani. Alirudi pale mara kwa mara, akiwasumbua vijana aliowahi kuwafundisha kazi, hadi mabinti wenzake wakatafutwa na kurudishwa. Wote isipokuwa mmoja. Narudia, wasikilizaji: mmoja hajapatikana. Kwa sababu ya huyo, afande alikataa kupongezwa.

Tangu hapo, aliyeahidiwa kazi, kiwanja au ndoa alipitia kwanza kwake akaulizwe maswali. Wengi waliondoka wamekasirika. Hawakutapeliwa.

Moyo ulipoanza kumsumbua, alimuuliza daktari kama vidonge alivyompa amewahi kuvimeza yeye mwenyewe. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani, mkewe akiwa pembeni.

Fundi anasema: "Nilimshuku sana, na alijua. Nikamuuliza, afande, huchoki? Akaniambia, 'Mwanangu, anayenishuku mimi, tapeli hamuwezi.'" Binti wa fundi ndiye aliyeosha vyombo msibani, siku zote za matanga, bila kuombwa.

Kwa mkewe, watoto, wajukuu na majirani, tunatoa pole. Mungu awape subira.

Na sisi tujiulize. Makaburini, watu walipoanza kuondoka, mama wa binti asiyepatikana alibaki amesimama. Akamwambia mjane wa afande: "Yeye ndiye alikuwa bado ananitafutia. Sasa nimwendee nani?" Wasikilizaji wapendwa, kama kuna binti unayemjua, aliondoka kwa ahadi na hajapiga simu, usinyamaze. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, useme. Anaweza kuwa wa mama yule.