Kisamvu Chekundu cha Masaki

Zawadi, zima televisheni hiyo. Godbless, weka simu mfukoni, kaa hapa miguuni pangu nikuone, maana haya nayasema mara moja tu, pumzi ya kurudia sina. Madaktari wa hospitali ya Tumbi wamenirudisha nyumbani kwa maneno laini laini, nami si mtoto, nimeelewa. Mwanamvua, shoga yangu, usiondoke. Umetoka kijijini Masaki kwa bodaboda na mgongo huo mbovu kuja huku Kibaha, Picha ya Ndege, kuniona, basi nawe usikie, uwe shahidi.

Jana nimewasikia mkipanga, mlidhani nimelala. Godbless anataka nizikwe hapa hapa Kibaha, na nyama ya msiba wangu ichinjwe na watu wa kanisa lake, kwa sababu washirika wake hawali alichochinja Mwislamu. Mwanangu, umenichoma. Sijaumia hivi tangu baba yako alipofariki. Sasa nisikilize.

Mimi na baba yenu tulitoka Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tungali vijana, kanisa letu limetutuma kupeleka Injili, tukafikia Masaki ya Kisarawe kwa watu waliokuwa Waislamu tangu enzi za babu wa babu zao. Kiswahili tulidhani tunakijua. Siku za mwanzo nikatoka na kikapu, nikamkuta mwanamke shambani kwake anang'oa mihogo, nikamwambia, "Mama, nataka sombe." Akanitazama juu mpaka chini. "Usombe nini?" Nikasema, "Sombe tu." Akaingia ndani akaniletea gunia na beleshi, maskini, akidhani nataka kusomba mchanga wa kujengea! Mpaka nilipochuma jani la muhogo nikamwonyesha, ndipo akacheka hadi akakaa chini. "Kumbe kisamvu! Si ungesema!" Ndiye huyu Mwanamvua. Mwoneni anavyocheka; alicheka hivi hivi.

Basi ikafika Noeli yetu ya kwanza ugenini. Nililia, wanangu, kwa kukumbuka kwetu, kanisa linavyoimba mpaka alfajiri, mikeke, wale samaki wa ziwani, wanavyokaangwa, mama yangu anatwanga sombe na jasho linamtiririka huku anaimba. Baba yenu kuona vile akasema tualike kijiji kizima. Akamchinja mbuzi kwa mkono wake, akamwombea kabisa, anajiona Ibrahimu. Wageni wakaja wote, kanzu safi, buibui, baraza ikajaa, Mzee Mwinyijuma, mume wa Mwanamvua, kakaa mbele. Nikapakua pilau la nyama. Hakunawa mtu. "Tumeshiba, mama mchungaji." Wameshiba wapi, nao ndio kwanza wanakaa! Baba yenu uso ukamshuka, akadhani wanaikataa Injili. Mwanamvua akanifuata jikoni, akaninong'oneza, "Shoga, nani kachinja?" Nikamjibu, "Baba Godbless." Akashika kichwa. "Jamani, si mngetuambia!"

Jikoni palikuwa na chungu kingine, cha kisamvu nilichompikia baba yenu kwa mawese ya Kigoma, chekundu kama cha kwetu. Mwanamvua akafunua, akaruka nyuma. "Hii damu?" "Damu wapi! Mawese, mafuta ya michikichi!" Akaonja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena. Kisha akabeba chungu kizima akakipeleka barazani, mimi nyuma na ugali wa muhogo, na siku ile Masaki ikala Noeli yetu kwa kisamvu cha Kongo mpaka wakakikomba chungu.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya Noeli, Mzee Mwinyijuma akapiga hodi na kisu chake mkononi, hakuitwa na mtu. "Mchungaji, mbuzi yuko wapi?" Akachinja kwa bismillahi yake, baba yenu akakibariki chakula kwa jina la Yesu, tukala sahani moja. Tangu hapo baba yenu hakuchinja tena hata kuku. Ikija Ramadhani, futari ya Mwanamvua, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, haikukosa kufika kwetu, na baba yenu, mchungaji mzima, akawa anaisikilizia adhana kuliko shehe! Walioongoka mikononi mwetu walikuwa wachache, na wazee wa Uvira walitusema sana. Waache waseme. Nilitumwa kuwapelekea watu hawa upendo, nikakuta wameshanipakulia.

Basi shikeni. Nizikwe Masaki, ubavuni mwa baba yenu. Shamba la mikorosho msiuze, na njia ya kisimani inayopita katikati kwenda kwa kina Mwanamvua isizibwe. Kinu na mchi ni vya Zawadi. Kisu cha baba yako ni chako, Godbless, ukamenyee mihogo, ndiyo kazi iliyokibakia. Siku ya mazishi mbuzi achinjwe na Bilali, kama alivyochinja marehemu baba yake Mwinyijuma. Washirika wako wasiotaka nyama hiyo wapikie kisamvu cha mawese, tena uwapakulie mwenyewe, kwa heshima, usiwaseme. Ila mtu wa Masaki asije kwenye msiba wangu akaniambia ameshiba na hajanawa. Niahidi. Usitikise kichwa tu, sema kwa mdomo... Haya. Zawadi, umemsikia kaka yako? Umemsikia.

Sogeeni. Mikono imekuwa mizito, niinulieni niwawekee kichwani... Mungu wa baba yenu awatunze, awape watoto wenye adabu, awape riziki ya kutosha ninyi na atakayepiga hodi. Semeni amina. Na wewe, Mwanamvua, sema amina.

Umebeba nini kwenye hicho kibakuli, shoga? Nionjeshe... kidogo, ncha ya kijiko... Umetia nazi. Mawese na nazi! Wewe mwanamke wewe... Kitamu. Ngoja... Basi, toa. Inatosha. Nimeshiba, shoga... Safari hii kweli nimeshiba.