Kobe wa Marehemu na Nusu Kidonge cha Presha

Benchi lililo kando ya meza ya fundi viatu lina mguu mmoja ulioungwa kwa misumari, na wanaolikalia kila asubuhi wana majibu ya kila kitu isipokuwa ya maisha yao. Yupo Presha, karani mstaafu anayetembea na vidonge mfukoni kama wengine wanavyotembea na peremende. Yupo Bunge, dalali wa nyumba, ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa kabla ya kummaliza mtu kwa maneno. Leo Fundi hakugusa hata kiatu. Miguuni pake kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi kobe aliyeachiwa na marehemu mama yake. Kobe hali, hatoi kichwa. Mkononi Fundi alishika karatasi ya majibu ya damu, ndiyo kwanza ametoka nayo kliniki ya mifugo.

— Lete hapa, Presha akasema. Karatasi hizi mimi ndio zangu. Ona, mshale umeelekea juu. Kalsiamu.

— Juu ni vizuri au vibaya? Fundi akauliza.

— Tulia, tulinganishe.

Presha akachomoa karatasi ya vipimo vyake mwenyewe, akaitandaza magotini sambamba na ya kobe. Fundi akaona sasa mambo yanafanywa kitaalamu, roho ikamtulia kidogo.

— Sukari yangu hii. Ya kobe hii hapa. Mungu wangu! Hafiki hata nusu yangu!

— Si una kisukari wewe? Bunge akauliza.

— Usinitoe kwenye mada. Mnyama huyu hana sukari mwilini. Mpe kahawa tamu.

— Kobe hanywi kahawa, mzee, Fundi akasema.

— Ndiyo maana anaumwa!

— Acheni mchezo, Bunge akadakia. Kalsiamu si ndiyo mifupa? Na gamba je? Mfupa! Sasa kama kalsiamu imejaa kwenye damu, imetoka wapi? Gamba linayeyuka, jamani. Linayeyukia ndani!

Fundi akaligonga gamba kwa kidole.

— Mbona gumu?

— Linaanzia ndani, nakwambia. Nyumba ngapi nimeuza, ukuta nje unameremeta, ndani mchwa watupu?

— Kumbe unajua, halafu unauza!

— Presha, tuzungumzie kobe.

Presha akatoa kidonge, akakikata kwa meno.

— Mshale ni mshale. Wangu uko juu, wake uko juu. Mimi nikimeza hiki, unashuka. Yeye mdogo, nusu inamtosha. Mpanue mdomo.

Fundi akamwinua kobe. Kobe huyu alikuwa akifuata kandambili za mama uani kutwa nzima. Akifa, pale nyumbani hakibaki kitu kilichomfahamu mama. Fundi alitaka kulia, akaona haya mbele ya Bunge.

Hapo akatokea dada mmoja aliyefuata kiatu chake.

— Hamjambo? Mnamfanya nini huyo?

— Tunamtibu, Presha akasema. Majibu yake haya.

— Na daktari kasemaje?

Presha akamtazama Bunge, Bunge akamtazama Fundi.

— Si uliongea naye? Presha akauliza.

Fundi akainamisha kichwa. Pale dirishani kliniki walimpa karatasi, wakamwambia akae, daktari anakuja kumweleza. Akauona ule mshale, moyo ukamlipuka, akanyanyua boksi akatoka mbio. Aliogopa kuambiwa. Huku kijiweni angalau hakuna aliyewahi kusema neno likaaminika.

— Dada, samahani, kiatu chako kesho.

Akamrudisha kobe ndani ya boksi, akachukua karatasi ya kobe, akashika njia ya kliniki bila kuaga. Alipogeuka mara moja tu, alimwona Presha akiitazama ile nusu ya kidonge. Kisha akaisindikiza tumboni mwake kwa funda la kahawa.

— Haya Presha, lete karatasi yako, sauti ya Bunge ikamfuata Fundi barabarani. Tuone na wewe unayeyukia wapi.